Kuandika Mambo ya Unyumba Bila Kumvua Mtu Nguo

Siku waliyoniaga ofisini walinipa doti ya kitenge, seti ya sufuria na saa ya ukutani. Saa! Mtu unamwambia kazi basi, nenda kapumzike, halafu unampa kitu cha kumhesabia muda uliobaki. Nimeitundika jikoni hapa kwangu Ilembo, Mpanda, na betri sijaitia.

Wakati wa kula pilau, binti mmoja wa kitengo chetu alinisogelea na sahani yake akaniuliza, "Mama Modesta, hivi miaka ile ya sabini mliwezaje kuandika kitabu cha unyumba? Sisi leo na kompyuta zetu tunaona haya." Nilimwambia kwamba na sisi tuliona haya, tena sana, ila tulikuwa na bosi asiyeturuhusu kuziingiza haya zetu kwenye karatasi. Hakunielewa. Basi ndiyo nimekaa niandike, kwa ajili yake na nyie wengine mliobaki na kazi ile. Vyeo na mishahara sitavigusa. Cheo nilikipata nimeshachoka kukingoja, na mshahara mnaujua wenyewe.

Nilianza kazi nikiwa bado binti, sijaolewa. Nilikuwa nafundisha darasa la kisomo la akina mama hapa Mpanda, wale waliokuja na watoto mgongoni kujifunza kuandika majina yao. Mtu akishajua kusoma anataka kitu cha kusoma, na sisi tulikuwa na kijitabu cha kilimo cha pamba na kingine cha kuchimba choo, basi. Ofisi ya elimu ya watu wazima ikatafuta mtu wa kike wa kusaidia kuandika vingine, nikachukuliwa mimi. Sikuuliza ni kijitabu gani. Nilidhani ni cha ufugaji wa kuku.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja, zamani stoo ya watu wa mgodi, na popo wa darini walikuwa hawajapewa barua ya uhamisho. Ndani kulikuwa na taipureta, mashine ya kudurufu ya kuzungusha kwa mkono, na Bwana Anatoli. Bwana Anatoli alikuwa Mfipa, mwalimu wa zamani wa shule ya msingi, mrefu na mkavu, penseli nyekundu sikioni hata akienda kanisani. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wetu. Asubuhi ile ya kwanza alinipa karatasi moja akasema, "Soma kwa sauti."

Niliiangalia. Yalikuwa majina ya viungo vya mwili, vya mwanamke na vya mwanaume, yale majina ya heshima kabisa ya kitabuni. Bwana Anatoli akangoja. Mwishowe nikasema, "Mwalimu, haya siwezi kuyasema mbele ya mwanaume."

"Geukia ukutani."

Nikageukia ukutani nikasoma. Jasho lilinitoka mpaka viganjani. Nilipomaliza akasema, "Rudia, mpaka sauti iache kutetemeka. Usipoweza kuyatamka utayazungukazunguka kwenye karatasi, na mtu aliyeanza kusoma mwaka jana hatajua unasema nini. Ataona unaficha, atadhani ni kitu kibaya." Wiki nzima nilikuwa nausomea ule ukuta. Nyumbani mama yangu aliposikia ninachoandika alikaa chini kabisa. "Masista wamekusomesha," alisema, "ili uje kutuandikia mambo ya chumbani? Nani atakuoa?" Niliolewa, kwa taarifa yenu, tena na mtu aliyekisoma kile kijitabu.

Nyie siku hizi mnafuta kosa kwa kidole. Sisi tulichapa kwenye stensili, ile karatasi ya nta. Ukikosea unapaka dawa nyekundu kama rangi ya kucha, unapuliza ikauke, unachapa tena juu yake. Ukikosea sana inatoboka, wino unavuja, na ukurasa mzima unaanza upya. Kwa hiyo tulifikiri kabla ya kuchapa. Sisemi kwamba nyie hamfikirii. Nasema sisi tulilazimishwa.

Kijitabu kilikuwa cha watu wazima walio kwenye ndoa. Kilieleza mwili unavyofanya kazi, mimba inavyoingia, magonjwa ya zinaa, mume na mke wanavyoweza kuongea kuhusu unyumba bila kurushiana vyombo, na mwisho uzazi. Mambo ya kitabibu yote tulimpelekea daktari, akayasoma mstari kwa mstari na kutugombeza. Lakini Bwana Anatoli hakuridhika na daktari peke yake. Alitaka tujue watu wenyewe wanaamini nini na wanaogopa nini, maana ukimjibu mtu swali ambalo hajauliza anakuangalia tu kwa adabu mpaka uondoke. Ndiyo maana tukaenda Mpimbwe, kusini mwa Mpanda.

Tulikwenda watatu, mimi, Bwana Anatoli na Ramadhani. Ramadhani alikuwa kijana wa Tanga, mwandishi mwenzangu, mwenye Kiswahili cha kutelemka chenyewe kooni. Akiongea yeye, sisi wa bara tulijisikia kama tunatafuna mawe. Landrova ilipita katikati ya pori, mbung'o wakiingia dirishani na kutung'ata bila kuchagua, mpaka tukashuka kwenye kijiji kipya ambako watu walikuwa wamehamishiwa kutoka mashambani mwao. Wengi walikuwa Wapimbwe, wachache Wafipa na Wakonongo, na Wasukuma na ng'ombe wao. Nyumba zilikuwa zimepangwa mstari, mpunga uko bondeni, na darasa la kisomo lilikuwa banda la nyasi lenye ubao mweusi.

Sasa, utamuulizaje mtu mzima mambo ya unyumba? Kule mama hazungumzi hayo na binti yake, na baba ndiyo kabisa. Mwenye ruhusa ni bibi. Bibi na mjukuu ni watani. Bibi anamwita mjukuu wake wa kiume mume wangu, anamgombania na wasichana, na katikati ya utani huo anamfundisha yote anayopaswa kuyajua. Ramadhani aliposikia hivyo akafurahi, akasema basi tupitie kwa bibi zao. Mimi mwenyewe niliona ni wazo zuri. Siku ile ile Bibi Kalunde, mjane mmoja mwenye meno machache na maneno mengi, akamshika mkono na kumtangaza.

"Huyu ni mume wangu," aliwaambia wenzake. "Ametoka pwani kunifuata. Nyie mtakufa na wivu."

Mimi nilikuwa bondeni na akina mama wengine, kwa hiyo mazungumzo yao niliyasikia baadaye. Ramadhani alimuuliza mke akiwa na uchungu mume anafanya nini. Bibi Kalunde akajibu bila kupepesa macho kwamba analia. Wanamfunga kwenye nguzo ya nyumba, wanampaka pilipili kwenye pua mpaka alie, kwa sababu asipolia mtoto atazaliwa bubu. "Yule anayepita pale unamwona hasalimii watu?" alimwambia. "Baba yake alikataa kulia." Bibi wengine wote wakatikisa vichwa kwa masikitiko makubwa. Ramadhani akaandika.

Tulikuwa na desturi tuliyoiita kuonja. Kabla somo halijaenda kwenye stensili tulilisomea darasa la watu walewale tunaowaandikia, tukawatazama nyuso. Ramadhani akasimama na sauti yake nzuri: "Ndugu wananchi, wakati umefika wa kuiacha mila ya kumfunga mume kwenye nguzo na kumpaka pilipili." Halafu mama mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Wanaume wazima walilia machozi. Bibi Kalunde alisimama huku ameshika mbavu. "Jamani mume wangu," alisema, "umekwenda kuniandika kweli!"

Nilicheka mpaka tumbo likauma. Bwana Anatoli hakucheka. Tulipokuwa tunakula ugali alimwambia Ramadhani, taratibu kabisa, "Wamecheka kwa sababu ilikuwa pilipili puani. Angekutania dawa ya kutoa mimba je? Tungeichapa, na mtu angeinywa." Ramadhani aliacha kula. Bwana Anatoli akaendelea kwamba utani umetusaidia kufungua milango, tuushukuru, lakini maneno ya utani hayaingii kitabuni. Kitu tutakachoandika lazima tukisikie kwa watu tofauti, wasiotaniana na sisi na wasiokaa nyumba moja, kisha daktari akione. Na kila mtu aambiwe mapema kwamba tunaandika kitabu, na akisema hili msiandike, haliandikwi, hata liwe tamu namna gani.

Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopata ya utafiti. Baadaye walinipeleka kozi, nikakuta ni yale yale, ila yamerefushwa.

Kwenye darasa lile kulikuwa na mwanamke nitakayemwita Leokadia. Siyo jina lake, na nimebadilisha mengine pia, kwa hiyo msisumbuke kubahatisha. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote, na alikuwa mjamzito. Siku moja tukifua mtoni, wenzake walipokwisha kuondoka, aliniuliza, "Dada, hicho kitabu chenu kitafika kabla sijajifungua?"

Nikamwambia sijui, kwa nini anauliza.

Akaniambia. Kwenye mimba yake ya kwanza uchungu ulikuja na mtoto hakutoka. Wazee wa ukoo wakasema mtoto amezuiwa, mama ana mwanaume wa nje, amtaje ndipo afunguke. Imani hii nimeikuta sehemu nyingi za nchi, kwa hiyo msikinyooshee kidole kijiji kile. Mumewe, nitamwita Fidelis, alisimama mlangoni akimbembeleza, "Taja tu mke wangu, sitakupiga." Hospitali ya misheni haikuwa mbali na baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani. Lakini hakuna aliyekubali kumbeba kabla hajataja.

"Nilikuwa naiona ile baiskeli, dada," alisema. "Nikasema hapa nakufa. Nikataja jina la kwanza lililonijia. Kasiani."

"Kasiani nani?"

"Fundi Kasiani, seremala, rafiki yake mume wangu. Ndiye aliyetuchongea kitanda. Nilikuwa nimeng'ang'ania mti wa kitanda, basi ndiyo likanijia jina lake. Kasiani hajawahi hata kunigusa mkono."

Walimpakia kwenye baiskeli papo hapo, na hospitali mtoto akatolewa akiwa hai. Wote wakaona wazee walisema kweli. Kasiani aliitwa, akakana, hakuaminiwa, akatozwa mbuzi. Alihamishia karakana yake mwisho wa kijiji, na Fidelis, aliyekua naye tangu wakichunga mbuzi, hakumsemesha tena. Leokadia alinyamaza. Angesema alidanganya, wangemuuliza wa kweli ni nani basi.

"Sasa mimba hii," alisema, na hapo ndipo alipoanza kulia. "Nikibanwa tena nitamtaja nani? Safari ile mume wangu alinisamehe. Safari hii watasema nimerudia. Hawatanibeba, wataniacha pale pale kitandani."

Nilimshika mkono wenye povu la sabuni. Nikamuuliza, niliandike?

"Usiandike!" alisema. "Fidelis anajua kusoma sasa. Si nyie mmemfundisha?" Akasuuza kanga, akaikamua, akaikamua tena ikiwa haina hata tone la maji. "Ila mwambieni. Sijui mtamwambiaje. Mwambieni tu."

Niliomba ruhusa niwaeleze wenzangu bila kutaja jina, akakubali. Niliwaeleza sauti ikitetemeka kuliko siku ile ya ukutani. Ramadhani aliruka. "Hii ndiyo hadithi yenyewe! Itamliza kila mtu. Tubadilishe jina tu, tumwite Maria."

"Kijiji hiki kina maseremala wangapi?" Bwana Anatoli aliuliza.

"Mmoja."

"Basi ukiandika seremala umemwandika yule. Ukiandika kitanda umeandika seremala. Jina ndicho kitu kidogo kuliko vyote."

"Lakini mwalimu," Ramadhani alisema, na alikuwa na haki ya kusema, "huyo fundi naye ameonewa. Ukweli ungemsafisha."

Bwana Anatoli aliitoa penseli sikioni. "Ungemsafisha, ndiyo," alisema. "Lakini ukweli huo una mwenyewe, na mwenyewe amekataa." Sikulala vizuri siku zile, nawaambia. Nilimwona Kasiani akipita peke yake na msumeno begani, nikageuza uso.

Basi tukafuata ile kanuni ya pilipili. Kama jambo ni kweli, halikumpata Leokadia peke yake. Nilizunguka. Nilikaa na wanawake mashineni wakisubiri unga, kisimani, kwenye palizi ya mpunga; nikarudi Mpanda nikauliza hapa, nikaenda mpaka upande wa Ugalla kwa wake za warina asali. Kila mmoja nilimweleza kwanza ninachofanya. Wengine walikataa, nikashukuru nikaondoka. Waliokubali, jamani! Mmoja alitaja marehemu ili asimuumize aliye hai. Mwingine alimtaja kijana aliyekuwa amehamia mbali. Mmoja, mwenye akili kuliko sote, alimtaja mwenyekiti wa kijiji, na kwa kuwa hakuna aliyetaka habari ile isikike zaidi, alifikishwa hospitali haraka kuliko wote. Wapo waliokataa kutaja, na habari zao nilisimuliwa na dada zao waliowazika.

Nikampelekea daktari. Akanichorea kwenye bahasha nyonga ya mwanamke na mtoto aliyelala vibaya, akanionyesha njia inavyoziba. "Siri za mtu hazimo humu," alisema. "Zingekuwemo ningeziona."

Ndipo tukaandika. Niliandika kwanza kwa hasira, nikaweka neno ujinga. Bwana Anatoli akalipiga penseli nyekundu. "Wazee hawa walikuwa wanataka mtoto atoke," alisema. "Anza na hapo. Ukimtukana mzee sentensi ya kwanza, ya pili ataifungia masikio." Kisha nikatoa kila kitu kilichokuwa cha mtu mmoja. Kitanda kikatoka, baiskeli ikatoka, marehemu akatoka, na mwenyekiti naye akatoka, nikimsikitikia. Kilichobaki kilikuwa kifupi: "Sote tunataka mtoto atoke salama. Uchungu ukirefuka, sababu iko kwenye nyonga, au mtoto amelala vibaya, au nguvu za mama zimeisha. Anayeweza kusaidia yuko hospitali. Mwanamke mwenye maumivu makali ukimwambia taja, atataja jina lolote. Hataji kwa sababu ni kweli. Anataja kwa sababu anataka kuishi. Mbebe kwanza."

Nilimsomea Leokadia kabla ya mtu mwingine yeyote, bondeni, tumbo lake likiwa kubwa sasa. Alisikiliza mpaka mwisho. "Mimi simo hapo," alisema. Akaweka mkono juu ya tumbo. "Tumo wengi." Akaniambia someni.

Siku ya kuonja somo lile nilisoma mwenyewe. Banda lilijaa, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, Fidelis akiwa benchi la nyuma. Hakuna aliyecheka. Nilipomaliza, Bibi Kalunde akasimama, na watu wakajiandaa kwa mzaha wake. "Leo sitanii," alisema. "Mimi nilimtaja shemeji yangu. Amekufa hajui kwa nini kaka yake alimchukia." Akakaa. Hakuna aliyeuliza swali, darasa likafungwa, na mimi nikaona nimeharibu kila kitu.

Halafu wakaanza kuja. Wa kwanza alijifanya anaazima penseli. Aliizungusha mkononi, akaniuliza, "Mwalimu, yule mwanamke wa kwenye somo, ni wa kwangu?" Wa pili alinikuta kisimani. Wa tatu alisema anauliza kwa niaba ya jirani yake. Mpaka kesho yake mchana nilikuwa nimeulizwa na wanaume nisioweza kukumbuka idadi yao, na mmoja wao mke wake alikuwa hajawahi hata kushika mimba. Wote niliwajibu neno moja, kwamba pale hakuna mke wa mtu. Walikwenda zao wakiwa na mawazo.

Fidelis alikuja wa mwisho, Landrova ikiwa imeshapakiwa. Alisimama akiishika baiskeli yake kwa usukani.

"Mwalimu, nikikuuliza utaniambia kweli?"

"Kuhusu mke wako? Hapana."

"Basi ni yeye."

"Wenzako wameniuliza hivyo hivyo, na wote nimewajibu kwamba pale hakuna mke wa mtu. Waulize."

Aliangalia chini. Nilikuwa na neno moja mdomoni ambalo lingemaliza yote, Leokadia apone, Kasiani asafishwe, na mimi nilale. Mungu anajua nilivyolitaka kulisema. Nikalimeza.

"Nimuulize mwenyewe?" alisema.

"Muulize akiwa haumwi. Na usimuulize jina. Muulize aliogopa nini."

Alipanda baiskeli akaondoka, na njia nzima ya porini mimi niligombana na Bwana Anatoli. Nilimwambia kanuni zake zitaua mtu. Nilimwambia mengi mengine ambayo mfanyakazi mpya hamwambii mkuu wake. Yeye alikuwa anaua mbung'o kwenye kioo, akasema tu, "Inawezekana, Modesta. Ndiyo maana tuchape haraka." Tukachapa. Tulipokezana kuzungusha ile mashine mpaka mikono ikawa myeusi hadi kwenye viwiko, Ramadhani akituimbia nyimbo za kwao ili tusisinzie.

Tulirudi na mabunda mvua zikiwa zimekolea. Kituo cha kwanza kilikuwa hospitali ile ya misheni, tuwaachie masista nakala za kuwagawia wajawazito. Niwaambie mapema msije mkapata shaka: Leokadia alijifungua salama mchana wa siku ile, mtoto wa kike. Lakini siyo hilo ninalolikumbuka zaidi.

Ninakumbuka tulipokuwa tunashusha mabunda, Ramadhani akanigusa bega. Barabarani walikuwa wanakuja watu watatu na baiskeli. Leokadia alikuwa amekaa nyuma, kwenye keria, anaongea, kwa hiyo uchungu ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Fidelis alikuwa anaikokota kwa usukani kwenye tope. Nyuma yao, mkono mmoja umemshika mama mgongoni asianguke na mwingine umekumbatia godoro lililokunjwa, alikuwa Kasiani. Walikuwa wanabishana wote watatu kuhusu nani aliyechagua njia yenye maji.

Nilitaka kukimbia kwenda kumkumbatia. Bwana Anatoli akanitazama, nikabaki na bunda langu mkononi kama mtu asiyemjua. Leokadia aliniona. Hakunisalimia, ila alitabasamu, tabasamu kubwa la mtu anayekwenda kuumwa na haogopi. Mpaka leo sijui waliambiana nini mle ndani mwao, na sikuwahi kuuliza.

Sista alitoka na kijitabu chake cha kuandikishia, akawaangalia wale wanaume wawili waliolowa tope, akauliza, "Mume ni yupi?"

Kasiani akainamisha kichwa. Fidelis akaegemeza baiskeli ukutani, akarudi, akamwekea mkono begani.

"Mume ni mimi, sista," alisema. "Huyu ni rafiki yangu."